Sura ya Tano: Karameli ya Nyumbani na Aiskrimu Isiyo na Ngano

Mtu akiambiwa na daktari kwamba kuanzia leo ngano basi, kwanza hufikiria chapati, kisha mandazi, kisha mkate wa asubuhi. Aiskrimu haimjii akilini kabisa. Anajua aiskrimu ni maziwa, sukari na baridi, kwa hiyo haoni cha kuhofia. Wengi huponzwa hapo. Mgonjwa ameacha mkate kwa miezi, tumbo limeanza kutulia, mwili umeanza kurudi, kisha anakwenda harusini anapewa kikombe cha aiskrimu ya karameli iliyonyunyiziwa biskuti zilizopondwa. Usiku huo nyumba nzima haipati usingizi.

Kwa asili yake, kitindamlo cha baridi hakina haja ya ngano hata chembe. Maziwa hayana gluteni. Krimu haina. Sukari, tui la nazi, mayai, embe, ndizi, korosho, karanga, iliki, chumvi: vyote salama. Gluteni huletwa na mkono wa mtu. Huja na koni, na vipande vya keki, na chokoleti zenye kimea cha shayiri ndani yake. Huja katika malai ya kugandisha, maana wapo wapishi wa nyumbani wanaotia kipande cha mkate uliosagwa ili maziwa yawe mazito upesi. Huja pia katika sosi za karameli za chupa, ambazo nyingine hukazwa kwa wanga unaoweza kuwa wa ngano, na orodha ya viungo imeandikwa kwa herufi ndogo ambazo mzazi mwenye haraka dukani hazisomi. Karameli ukiipika mwenyewe unajua kilichomo. Lakini nimeipa karameli nafasi ya kwanza katika sura hii kwa sababu kubwa zaidi ya hiyo: ndiyo inayokuwezesha kupata aiskrimu laini katika friza ya kawaida ya nyumbani, bila mashine yoyote.

Kabla ya kuwasha jiko, tuelewane kuhusu gluteni yenyewe. Ni protini zinazopatikana katika ngano, shayiri na rai, ile nafaka ya nchi za baridi. Ndizo zinazofanya donge la chapati livutike bila kukatika. Kwa watu wengi hazina ubaya wowote, na asiye na tatizo hana sababu ya kuziogopa. Kwa mwenye ugonjwa wa siliaki hali ni nyingine. Kinga ya mwili wake ikikutana na gluteni hugeuka na kuushambulia utumbo mwembamba, na vile vijinyweleo vidogo vinavyofyonza chakula hulika hadi utumbo ukabaki bapa. Mtoto anakula lakini hanenepi, anaharisha, tumbo linajaa, damu inapungua, na wakubwa wanadhani ni minyoo. Dawa ya kuuponya haipo. Tiba ni kuacha gluteni maisha yote, na kuiacha kweli, maana makombo tu ya mkate yanaweza kuuamsha upya. Kwa viwango vya kimataifa vya Codex, chakula kinachouzwa kwa jina la kutokuwa na gluteni hakitakiwi kuzidi miligramu 20 za gluteni katika kilo moja, yaani sehemu 20 katika milioni.

Na kwa msomaji anayejishuku: usiache ngano kabla ya kupimwa. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili ambazo mwili huzitengeneza mtu anapokula gluteni. Ukishaacha kwa muda, kingamwili hizo hupungua, na majibu yanaweza kuja safi ilhali ugonjwa upo. Pima kwanza, uache baadaye.

Kuna kisa cha ndizi katika historia ya ugonjwa huu ambacho kila mpishi wa vyakula visivyo na ngano anapaswa kukijua. Daktari Samuel Gee wa London ndiye aliyeueleza ugonjwa kwa uwazi mwaka 1888, akasema kama mgonjwa atapona basi atapona kwa chakula, ila hakujua kipi. Mwaka 1924 daktari wa watoto wa New York, Sidney Haas, akatangaza kwamba watoto wa siliaki hupona wakilishwa ndizi. Aliwapa ndizi kwa wingi, akawapiga marufuku mkate, nafaka na viazi. Watoto waliokuwa mifupa mitupu wakanawiri, na kwa miaka mingi wazazi wa Marekani waliamini kuna nguvu ya pekee ndani ya ndizi. Ukweli uliletwa na Mholanzi Willem Karel Dicke, daktari wa watoto mjini The Hague, aliyekuwa akiishuku ngano tangu miaka ya 1930. Katika ile baridi ya njaa ya mwaka 1944 kuingia 1945, sehemu kubwa ya Uholanzi ikiwa chini ya majeshi ya Ujerumani na mkate umeadimika, watoto wenye siliaki walipata nafuu wakati watu wengine wanadhoofika. Mkate uliporudi, ugonjwa ukarudi nao. Dicke akaandika tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Utrecht mwaka 1950, na ngano ikajulikana rasmi kuwa ndiyo mkosaji. Watoto wa Haas waliponywa na kule kukatazwa mkate. Ndizi zilikuwa chakula tu walichopewa badala yake.

Pamoja na hayo, ndizi tutaitumia, maana ndiyo njia fupi kuliko zote za kufika kwenye aiskrimu. Ila karameli kwanza.

Tafuta sufuria yenye kina, ya alumini inayong'aa ndani. Sufuria nyeusi isiyoshika chakula haifai hapa, kwa sababu utahitaji kuiona rangi. Tia sukari gramu 200, kikombe kimoja cha kupimia, na maji vijiko vinne vya chakula. Kamulia ndimu, nusu kijiko cha chai. Koroga juu ya moto mdogo mpaka punje zote zimeyeyuka na shira imekuwa angavu. Ukishaona hivyo, toa mwiko, uuweke kando, usiurudishe. Watu wengi hushindwa hapa. Mkono unawasha, mtu anataka kukoroga. Ukikoroga shira inayochemka, punje ndogo zilizoganda pembeni mwa sufuria zinaanguka ndani, na punje moja inatosha kuita nyingine, hadi sufuria nzima inageuka uji mweupe wenye mchanga. Ndimu ipo kwa ajili hiyohiyo: asidi yake huivunja sukari kuwa glukosi na fruktosi, na mchanganyiko wa sukari za aina mbalimbali hauungani kirahisi kuwa fuwele. Punje za pembeni zishushe kwa kuifunika sufuria dakika mbili. Mvuke utajikusanya na kuziosha wenyewe.

Sasa simama hapo, usiende popote. Mwanzoni mapovu ni makubwa, mepesi, yanapasuka kwa kelele. Hayo ni maji yanayoondoka. Maji yakipungua joto hupanda, mapovu yanakuwa madogo na mazito, kelele inatulia. Joto likifika kama nyuzi 160 hadi 170, sukari inaanza kuvunjika na karameli inazaliwa. Vitabu vya Ulaya vitakwambia utazame rangi ya kaharabu. Ushauri huo umeandikwa kwa sukari nyeupe kabisa. Sukari nyingi ya madukani kwetu, Tanzania na Kenya, ni ya kahawia tangu ndani ya mfuko, kwa hiyo shira yake inaanza na rangi ya chai ya rangi hata kabla haijaiva. Ukifuata macho peke yake utaitoa mbichi. Tumia pua na kisahani cheupe. Harufu ya kwanza ni ya utamu mtupu, kama shira ya kaimati. Halafu inakuja harufu nzito ya sukari iliyoungua kidogo. Mwishowe kuna ukali mwembamba unaogusa pua, na uzi wa moshi unainuka juu ya sufuria. Dondosha tone kwenye kisahani cheupe: likiwa jekundu la kahawia na likionjwa baada ya kupoa lina uchungu kidogo nyuma ya utamu, umefika. Zima moto hapohapo. Kutoka hapo hadi mkaa ni nusu dakika.

Wakati huo uwe na tui zito la kwanza, mililita 200, lililopashwa moto pembeni. Limimine kidogo kidogo, ukikoroga sasa kwa mwiko mrefu. Litafoka na kupanda karibu na mdomo wa sufuria, ndiyo maana nikasema sufuria iwe na kina. Likitulia tia chumvi nusu kijiko cha chai, na siagi vijiko viwili ukipenda, ila uiache kama mlaji hapatani na maziwa. Mabonge yakijitokeza, rudisha moto mdogo yatayeyuka. Ipoe, uitie kwenye chupa safi ya kioo. Kwenye friji itakaa wiki moja bila wasiwasi.

Watoto wakae nje ya jiko wakati wa kazi hii, na hapa sitanii. Karameli ina joto linalopita mbali maji yanayochemka, na ikigusa ngozi inang'ang'ania. Weka beseni la maji baridi karibu kabla hujaanza. Ikimrukia mtu, mwagie maji baridi ya bomba dakika 20 mfululizo. Usimpake dawa ya meno, wala mafuta, wala asali. Vitu hivyo huzuia joto kutoka na kumpa daktari kazi ya kusafisha kidonda kabla ya kukitibu.

Chumvi ina historia yake. Karameli ya chumvi iliyoenea duniani leo ilitokana na kazi ya Henri Le Roux, fundi wa peremende wa mji wa Quiberon huko Brittany, Ufaransa, aliyetengeneza karameli ya siagi ya chumvi mwaka 1977. Brittany ilisamehewa ile kodi nzito ya chumvi ya wafalme wa zamani wa Ufaransa, ndiyo maana watu wake walizoea kutia chumvi kwenye siagi wakati wenzao wa Paris wanakula siagi isiyo na chumvi. Mpwani hahitaji kufundishwa jambo hili. Anakula embe bichi kwa chumvi na pilipili, na anajua chumvi inavyouamsha utamu.

Sasa kwa nini karameli na friza zinapendana namna hii? Maji matupu yakigandishwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri yanakuwa jiwe. Maziwa nayo, ambayo sehemu kubwa ni maji, yanakuwa karibu jiwe, tena yenye chengachenga za barafu zinazokwaruza ulimi. Sukari iliyoyeyuka inazuia maji yasigande yote: sehemu yake inabaki shira nzito katikati ya vipande vidogo vya barafu, na shira hiyo ndiyo inayofanya kijiko kizame. Sukari iliyovunjwa kwa ndimu na moto ina nguvu zaidi, kwa kuwa molekuli moja imekuwa mbili, na kinachozuia kuganda ni wingi wa molekuli. Mashine ya aiskrimu hutatua tatizo hilohilo kwa kukorogakoroga wakati wa kugandisha ili barafu isipate nafasi ya kujenga vipande vikubwa. Asiye na mashine anategemea sukari na mafuta. Lakini sukari ikizidi aiskrimu haigandi kabisa, utabaki na uji baridi. Karameli inatusaidia hapa pia. Sukari ikiungua kidogo hupoteza sehemu ya utamu wake, kwa hiyo unaweza kutia ya kutosha kulainisha bila kumchosha mlaji. Tena baridi hupunguza ladha mdomoni. Karameli ya kumwagia keki ya moto iwe ya rangi ya asali, lakini ya aiskrimu iive zaidi, hadi ule uchungu kidogo, la sivyo ikishaganda itakuwa sukari tu isiyo na habari.

Turudi kwenye ndizi. Chukua ndizi mbivu nne ambazo maganda yake yameanza madoa meusi. Ndizi za manjano safi hazifai, wanga wake haujageuka wote kuwa sukari, na aiskrimu yake ina ukakasi. Zimenye, zikate vipande vyembamba, uzitandaze kwenye sinia usiku kucha ndani ya friza. Kesho yake ziache mezani dakika tano, zitie kwenye blenda pamoja na vijiko vitatu vya karameli na chumvi kidogo, usage ukisimamisha kila mara kusukuma chini. Mwanzo zitakuwa makombo makavu na utadhani zimeharibika. Endelea. Ghafla zinashikana na kuwa laini, nene, zenye kung'aa. Hakuna maziwa, hakuna mayai, hakuna ngano, na mtoto wa darasa la tano anaweza kuitengeneza akishapewa karameli iliyokwisha kupoa. Iliwe palepale, maana ikirudishwa friza usiku mzima inakuwa ngumu.

Kwa sherehe, ambapo inabidi kuandaa jana yake, njia ya krimu ndiyo ya kutegemewa. Piga krimu nzito ya mililita 500, yenye mafuta yasiyopungua asilimia 35, ikiwa baridi sana, hadi isimame yenyewe kwenye mchapo. Pembeni changanya maziwa mazito matamu ya kopo gramu 250 na karameli gramu 150. Yaunge hayo na krimu kwa mwiko, taratibu, ukikunja kutoka chini kwenda juu ili hewa isitoke, kwa kuwa hewa hiyo inafanya kazi ambayo mashine ingefanya. Mimina kwenye chombo, chora mistari ya karameli zaidi juu yake, funika kwa karatasi ya plastiki iguse uso wa aiskrimu, uigandishe kwa saa nane. Maziwa ya kopo yamekwisha kuondolewa maji mengi na kutiwa sukari kiwandani, kwa hiyo barafu haina pa kuanzia. Mimi huona hii ndiyo aiskrimu bora ya nyumbani kwa mtu asiyetaka kuhangaika. Tatizo lake ni bei ya krimu, ambayo katika miji yetu mingi ni ya kuumiza.

Kwa sababu hiyo mapenzi yangu yako kwa tui. Kuna nazi, tena za karibu, na mtoto asiyepatana na maziwa ya ng'ombe naye anakula. Kuna siliaki iliyokaa muda mrefu ambayo huuharibu utumbo kiasi kwamba mgonjwa anashindwa hata kuisaga sukari ya maziwa mpaka utumbo upone, kwa hiyo wageni wa aina hiyo si wachache. Zikune nazi tatu kubwa, kamua tui la kwanza kwa maji ya moto kidogo sana, lichuje. Liweke kwenye friji usiku kucha. Asubuhi mafuta yatakuwa yamepanda na kuganda juu. Chota hayo pamoja na maji yake kidogo upate mililita 500, na maji yaliyobaki upikie wali. Koroga kijiko kimoja cha wanga wa muhogo katika tui kidogo, upashe moto mpaka linene, kisha uchanganye na lililobaki pamoja na karameli gramu 250 na iliki iliyotwangwa. Wanga ule hushika maji, na maji yaliyoshikwa hayajengi barafu kubwa. Mimina kwenye trei ya bati isiyo na kina, tia friza, na kila nusu saa ufungue na kukwangua kwa uma kutoka pembeni kuelekea kati, kwa saa tatu. Ni kazi ya mkono, lakini unafanya huku unapika mengine.

Wanga huo wa muhogo una onyo lake. Muhogo, mchele, mahindi, mtama na ulezi havina gluteni. Mashine ya kusaga ya mtaani inaweza kuwa nayo. Kama kabla yako amesagiwa mtu ngano, kilo za kwanza za unga wako zimebeba masalia ya ngano yake. Nunua wanga uliofungwa wenye maelezo kamili, au zungumza na mwenye mashine akusagie asubuhi baada ya kuisafisha, na unga wa kwanza kutoka usiutumie kwa mgonjwa.

Malai ya kugandisha, yale yaliyoletwa pwani na Wahindi, hayahitaji maelezo marefu: maziwa freshi lita mbili, moto mdogo, subira, mpaka yabaki kama robo tatu ya lita. Weka karameli gramu 150 mahali pa sukari, iliki, korosho zilizopondwa, kisha vikombe vidogo na friza. Usitie mkate. Maziwa yaliyopungua vya kutosha yananenepa yenyewe, na ladha ya maziwa yaliyoiva pamoja na karameli inakaribiana kiasi kwamba ulimi hauoni mpaka.

Linabaki swali la kitu cha kukauka chini ya meno, ambacho kwa kawaida ni biskuti. Huko Ulaya na Marekani mgonjwa wa siliaki hununua biskuti maalumu kwa bei kubwa. Mpishi wa pwani ana kashata. Kashata ya karanga ni karameli iliyokamata karanga, na ukiiponda kwa mchi ukaitandaza chini ya chombo kabla ya kumimina aiskrimu, unapata tabaka ambalo halilowi wala halilainiki haraka kama biskuti. Pika mwenyewe, au mwulize anayeuza, maana wapo wanaotia unga wa ngano kidogo ili ishikane. Korosho za Mtwara na Lindi zilizokaangwa kavu zinafanya kazi hiyohiyo kwa heshima zaidi. Na kama unataka kitu laini cha kuwekea aiskrimu juu, mkate wa kumimina unakungoja: mchele uliorowekwa, tui, hamira, sukari, iliki. Vitumbua navyo ni hivyohivyo. Bibi zetu walipika vitu hivi bila kujua neno gluteni, na leo vimekuwa meza tajiri kuliko ile ya mgonjwa wa nchi iliyojengwa juu ya mkate. Kata kipande cha mkate wa kumimina kikiwa na uvuguvugu, weka bonge la aiskrimu ya tui, mwagia karameli. Sijaona mgeni aliyeuliza biskuti ziko wapi.

Umeme ukikatika, usifungue friza. Friza iliyojaa huhifadhi baridi saa nyingi ikiwa imefungwa, iliyo tupu hupoteza upesi. Aiskrimu iliyolainika kidogo na kuganda tena itakuwa na chengachenga lakini ni salama. Iliyoyeyuka kabisa na kupata joto, hasa ya maziwa, usiigandishe upya kumpa mtu. Imwage. Najua inauma kuitupa, lakini hasara ya kulaza mtoto hospitali ni kubwa zaidi.

Na siku ya sherehe yenyewe, usimtengee mgonjwa kibakuli chake pembeni huku wengine wana aiskrimu ya biskuti. Kijiko cha kuchotea kitatoka kwenye chombo kimoja kuingia kingine, mtoto atapewa alambe cha mwenzake, na juhudi zako zote zitaharibiwa na kombo moja. Pika sinia moja lisilo na ngano kwa ajili ya wote. Kwa mapishi ya sura hii hugharimiki zaidi, wala hakuna mtu atakayekula pungufu, na aliyekuwa akikaa na njaa kwenye sherehe za watu atakula na wenzake.